Sauti Ilibaki, Jina Likapotea: Mashine za Muziki na Hadithi za Kutisha

Najua nilikuwa nimeahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata, lakini leo naomba majedwali yasubiri. Juzi usiku stima zilipotea mtaani kwetu, nikabaki gizani na simu yenye chaji ya asilimia sita, na katika kimya kile nikaikumbuka redio ya babu.

Ilikuwa redio ya betri nne kubwa. Antena yake ilivunjika zamani, na badala yake babu alikuwa amefunga kipande cha waya. Jioni alipoitafuta Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle kwenye masafa mafupi, sauti ilikuja vizuri mradi tu mtu asimame karibu na redio. Mtu huyo alikuwa mimi. "Simama hapo hapo, usitingishike," babu aliniambia, nami nikasimama kama mlingoti hadi taarifa ya habari ikaisha. Nikisogea hatua moja tu, msomaji wa habari anazama kwenye kelele.

Kelele hazikunitisha. Kilichonitisha ni ule mluzi. Waliowahi kuzungusha kitufe cha redio ya zamani wanaujua: katikati ya stesheni mbili unasikika mluzi mwembamba, unapanda, unashuka, unapanda tena, kama mtu anayelia mbali ng'ambo ya mto. Dada yangu aliniambia kwamba hao ni wafu wanaotafuta stesheni yao. Nilikuwa na miaka saba. Niliamini.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu nasomea sayansi ya kompyuta, niligundua mambo mawili. Kwanza, mwili wangu kuwa antena na ule mluzi kupanda na kushuka ni fizikia tu, na kuna mtu aliyeyaunganisha mambo hayo akaunda chombo cha muziki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Pili, dada hakuwa peke yake. Waandishi wa hadithi za kutisha walikuwa wameshawaza kama yeye hata kabla ya redio kuanza kutangaza. Basi leo tuyafuate hayo mawili pamoja. Kaeni vizuri, na kama mnasoma usiku, washeni taa.

KINANDA KISICHOGUSWA

Mwaka ni 1920, mji ni Petrograd, ule ambao leo unaitwa St. Petersburg. Urusi iko katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Katika maabara ya fizikia anafanya kazi kijana aitwaye Lev Termen, mhandisi wa redio ambaye pia alikuwa amesomea kupiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi. Alikuwa anaunda kifaa cha kupimia tabia za gesi. Kifaa kilitoa sauti kwenye spika za masikioni, na Termen akagundua kwamba kila alipousogeza mkono karibu, sauti ilibadilika. Mhandisi mwingine angekasirika kwamba kipimo kinaharibika. Yeye, kwa kuwa alikuwa mwanamuziki, alianza kutafuta wimbo.

Siri yake ni rahisi kuliko mnavyodhani. Ndani ya chombo kuna saketi mbili zinazotoa mawimbi ya kasi sana, ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Tuseme ya kwanza inatetema mara 170,000 kwa sekunde, na haibadiliki. Ya pili imeunganishwa na antena, na kwa sababu mwili wa binadamu huweza kushika chaji ya umeme, mkono ukikaribia antena ile saketi ya pili inapungua kasi kidogo. Tuseme imefika 169,560. Chombo kinachanganya mawimbi hayo mawili na kutoa tofauti yake: 440. Hiyo mnaisikia. Ni ile noti ambayo okestra nyingi huitumia kulinganisha vyombo kabla ya kuanza kupiga.

Sasa rudini kwenye redio ya babu. Stesheni mbili zikikaribiana sana kwenye masafa, redio nayo inatoa tofauti yao, na tofauti hiyo ndiyo mluzi. Wafu wa dada yangu walikuwa hesabu ya kutoa!

Chombo kikaitwa theremini, kwa vile jina la Termen lilivyoandikwa nchi za Magharibi: Leon Theremin. Kina fimbo moja iliyosimama ya kupandisha na kushusha sauti, na kitanzi ubavuni cha kuiongeza na kuipunguza. Hakuna ufunguo, hakuna waya wa kukwaruza, hakuna kitu cha kushika. Mpigaji anasimama mbele yake na kuchezesha vidole hewani kama mganga anayeita kitu. Mwaka 1922 Termen alikionyesha kwa Lenin mwenyewe huko Kremlin. Mwisho wa 1927 akafika Marekani, mwaka uliofuata akapata hataza yake huko, na mwaka 1929 kampuni ya RCA ikaanza kuviuza madukani. Viliundwa kama 500 hivi. Bahati mbaya ni mwaka uleule ambao soko la hisa la New York liliporomoka, na kusema kweli kukipiga kulikuwa kugumu sana. Aliyekiweza kuliko wote alikuwa Clara Rockmore, binti mpiga fidla kutoka Vilnius, ambaye mikononi mwake mashine ile iliimba kama mwanamke.

Hapo ndipo penye swali langu la leo. Ni sauti nzuri. Kwa nini inatutisha?

MWIMBAJI WA KARPATI

Kwa jibu inabidi turudi nyuma, kabla ya Termen kuzaliwa. Mwaka 1877 Thomas Edison alivumbua fonografu, mashine ya kwanza iliyoweza kunasa sauti na kuitoa tena. Kabla ya hapo, katika historia nzima ya binadamu, ukisikia sauti ya mtu basi mtu huyo yuko: nyuma ya ukuta, ng'ambo ya mto, popote, lakini yuko na anapumua. Baada ya 1877 hilo halikuwa kweli tena. Hebu litafakarini jambo hilo kidogo. Sisi tumezaliwa nalo tayari, hatulioni. Wao waliliona likija.

Mwaka 1892 Jules Verne, yule Mfaransa wa safari za chini ya bahari, alichapisha riwaya kuhusu ngome iliyoachwa katika milima ya Karpati, huko Transilvania. Wanakijiji wanaamini ngome ina mashetani. Jioni moja wamekaa kwenye nyumba ya wageni wakibishana nani athubutu kwenda kuangalia, mara sauti isiyo na mtu inawaonya pale pale chumbani. Wanatetemeka wote. Baadaye tunajua kulikuwa na waya wa simu uliofichwa kutoka ngome hadi pale kijijini. Aliyeuweka ni mvumbuzi aitwaye Orfanik, anayemfanyia kazi baroni mwenye ngome.

Na baroni huyo ana siri kubwa zaidi. Alikuwa amempenda mwimbaji wa opera, La Stilla, au niseme aliipenda sauti yake, maana mwenyewe hakumjali. La Stilla alifia jukwaani mjini Naples akiimba mara ya mwisho kabla ya kustaafu. Lakini Orfanik alikuwa ameshainasa sauti ile kwenye fonografu. Sasa baroni anakaa peke yake ngomeni usiku, anaisikiliza, na kwa msaada wa vioo na picha iliyochorwa anamwona marehemu akiwa amesimama mbele yake. Mchumba wa yule mwimbaji anapofika ngomeni anaamini kwamba mpenzi wake yu hai. Mwishoni risasi inapiga kisanduku cha fonografu, na baroni analia kwamba sauti ya La Stilla imevunjika. Sauti ya mwimbaji, ambayo baroni aliihesabu kuwa mali YAKE!

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Nilipoisoma mara ya pili sikucheka. Siku hizi programu ya kompyuta inaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na sekunde chache tu za kurekodiwa, awe hai au marehemu, awe ametoa ruhusa au hapana. Mabaroni ni wengi.

DRAKULA NA NAKALA YA AKIBA

Miaka mitano baada ya Verne, mwaka 1897, Bram Stoker alichapisha Dracula, naye akaanzia Transilvania. Wengi tunamjua mnyonya damu kwa filamu, ambazo huwa zinatupa nje sehemu tamu kuliko zote kwa watu wa fani yetu. Riwaya yenyewe ni rundo la mafaili: shajara, barua, telegramu, vipande vya magazeti. Daktari Seward, mwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, haandiki shajara yake. Anaisema kwenye fonografu, inabaki kwenye silinda za nta.

Halafu anagundua tatizo ambalo kila mwanaprogramu atalitambua. Amerekodi kwa miezi, lakini hajui jinsi ya kutafuta sehemu fulani anapoihitaji. Data ipo, faharasa hakuna! Anayemwokoa ni Mina Harker, mwanamke mwenye taipureta. Anasikiliza silinda zote, anachapa kila kitu kwa mpangilio wa tarehe, na anatumia karatasi za kaboni ili apate nakala tatu.

Mina anasema jambo moja pale ambalo sijalisahau. Anamwambia daktari kwamba mashine ile ni ya ajabu lakini ni katili, kwa sababu ndani ya sauti amesikia uchungu wa moyo wake, na mtu mwingine asingepaswa kuusikia hivyo tena. Ndiyo maana amechapa maneno. Karatasi inabeba habari, haibebi kilio.

Baadaye Drakula anaingia ofisini usiku, anachoma hati na kuzitupa silinda za nta motoni. Nta inawaka vizuri. Lakini nakala moja ilikuwa imefungwa ndani ya sefu. Wasomaji wangu, jitu lililoishi karne kadhaa, linalojigeuza popo na ukungu, limeshindwa na nakala ya akiba! Kila ninapomsihi mteja aweke nakala mahali pengine tofauti na kompyuta ile ile, natamani nimpe riwaya hii.

Hofu hiyo haikuishia Ulaya. Mwaka 1931 Mmarekani H. P. Lovecraft alichapisha hadithi ya viumbe kutoka anga za mbali wanaotoa ubongo wa mtu, wanauweka ndani ya silinda ya chuma, na kuuunganisha na mashine ili uongee. Mtu anazungumza na wewe mezani, kwa adabu kabisa, na mwili wake haupo. Wakati huo huo theremini ya Termen ilikuwa inapigwa kwenye kumbi za Marekani. Fasihi na ufundi vilikuwa vinakwenda njia moja.

DAKTARI WA MIGUU NA MTU ALIYETOWEKA

Mwaka 1945 Hollywood ikaziunganisha rasmi. Mtunzi Miklós Rózsa alitumia theremini katika filamu ya Alfred Hitchcock iitwayo Spellbound, kila akili ya mhusika mkuu inapoyumba. Muziki ule ulimpatia tuzo ya Oscar. Mwaka huo huo akaitumia tena katika The Lost Weekend, filamu ya mlevi. Mwaka 1951 Bernard Herrmann akatumia theremini mbili katika The Day the Earth Stood Still, filamu ya mgeni kutoka sayari nyingine. Na aliyeipiga katika filamu zote tatu ni Samuel Hoffman, ambaye kazi yake ya mchana ilikuwa kutibu miguu ya watu. Sauti iliyowatoa jasho watazamaji dunia nzima ilitoka kwa daktari wa miguu.

Lakini Termen mwenyewe alikuwa wapi, wakati chombo chake kikivuma hivyo?

Hakuna aliyejua. Mwaka 1938 alimwoa Lavinia Williams, mcheza densi Mmarekani mweusi. Mwaka huo huo akaondoka New York kurudi Urusi, na mkewe hakumwona tena hadi kufa kwake mwaka 1989. Kule Marekani wengi waliamini Termen amekufa. Ukweli ni kwamba mwaka 1939 alikamatwa wakati wa Stalin, akahukumiwa miaka minane, akapelekwa Kolyma kwenye baridi ya migodi, halafu akahamishiwa kwenye magereza ya kipekee ambamo wahandisi wafungwa waliifanyia serikali kazi.

Huko aliunda kitu ambacho Lovecraft angekionea wivu. Agosti 1945, watoto wa shule wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani mjini Moscow zawadi: nembo ya Marekani iliyochongwa kwa mbao, nzuri sana. Balozi akaitundika kwenye chumba chake cha kazi. Ilikaa pale hadi 1952, mabalozi wakibadilishana, ndipo ikagunduliwa kwamba ndani yake mna kinasa sauti. Hakikuwa na betri. Hakikuwa na waya. Kilikaa kimefa kabisa mpaka mtu nje ya jengo akielekeze miale ya redio, ndipo kinaamka na kurudisha nje kila neno linalosemwa chumbani. Miale ikizimwa, kinakufa tena, na hakuna kipimo kinachokiona. Mwaka 1960 Wamarekani walikionyesha hadharani Umoja wa Mataifa. Aliyekiunda ni Termen, mtu ambaye rasmi hakuwepo.

Mwaka 1991, akiwa na miaka zaidi ya tisini, aliruhusiwa kufika New York, na akakutana na Clara Rockmore, ambaye zamani alikuwa ameomba kumwoa naye akakataa. Termen alifariki Novemba 1993, akiwa na miaka 97. Kwa muda wote ule sauti yake ilikuwa kwenye sinema za dunia nzima.

SAKETI ZILIZOUNGUA

Hadithi ya pili ni fupi. Louis na Bebe Barron walikuwa mume na mke wa New York. Walipooana walipewa zawadi ya mashine ya kurekodi kwenye utepe, kitu adimu miaka ile ya arobaini. Wakasoma kitabu cha Norbert Wiener cha mwaka 1948 kuhusu jinsi mashine na viumbe hai vinavyojiongoza, wakaanza kuunda saketi za vali, zile chupa ndogo za kioo zilizotumika kabla ya transista. Walizizidishia umeme makusudi. Saketi inalia, inatetemeka, inapiga kelele, halafu inaungua. Wao wananasa yote kwenye utepe. Saketi ikishakufa, sauti ile hairudi tena, hata ukiunda nyingine inayofanana nayo.

Kwa kilio cha mashine hizo walitengeneza muziki wote wa filamu Forbidden Planet ya mwaka 1956, filamu kubwa ya kwanza yenye muziki wa kielektroniki mtupu. Ndani yake kuna zimwi lisiloonekana, lililozaliwa kutoka akilini mwa binadamu. Lakini kwenye skrini hamtaona neno "muziki" karibu na majina yao. Ili kukwepa mgogoro na chama cha wanamuziki, kazi yao iliandikwa kuwa "toni za kielektroniki". Hawakuweza kushindania Oscar. Walikuwa wamezipa mashine sauti, wao wakanyimwa jina la kazi yao.

MWANAHISABATI WA COVENTRY

Delia Derbyshire alizaliwa Coventry, Uingereza, mwaka 1937. Alikuwa mtoto mdogo ndege za Kijerumani zilipoupiga mji wake kwa mabomu usiku wa Novemba 1940. Baadaye maishani alisema kwamba mapenzi yake kwa sauti za ajabu yalianzia kwenye ving'ora vya mashambulizi yale. Alisomea hisabati na muziki Cambridge, akaingia BBC mwaka 1960, na miaka miwili baadaye akahamia Radiophonic Workshop, idara ya kutengeneza sauti za vipindi.

Mwaka 1963 alipewa karatasi ya noti iliyotungwa na Ron Grainer, kwa ajili ya kipindi kipya cha watoto: Doctor Who. Hakukuwa na kinanda cha kielektroniki cha kubonyeza. Derbyshire alitumia mashine za kupimia umeme zinazotoa toni, na sauti ya waya mmoja uliodonolewa. Kila noti aliirekodi peke yake, akaikata kwa wembe, akabadilisha kasi yake, akaigundisha na nyingine. Akishirikiana na Dick Mills, waliunganisha vipande vile mpaka wakapata tepe chache zinazochezwa kwa pamoja. Watoto wa Uingereza walikimbilia nyuma ya makochi. Grainer alipousikia wimbo wake hakuamini kwamba ni yeye aliyeutunga, akataka Derbyshire apewe nusu ya malipo. Taratibu za shirika hazikuruhusu. Wafanyakazi wa idara ile hawakutajwa majina.

Mwaka 1964 alitengeneza na Barry Bermange kipindi cha redio kiitwacho The Dreams, ambamo watu wa kawaida wanasimulia ndoto zao: kukimbizwa, kuanguka, kuzama. Sauti zao zimekatwa na kurudiwa juu ya mingurumo yake. Nimewahi kukisikiliza usiku kwa spika za masikioni. Sirudii.

Alifariki mwaka 2001. Ndani ya dari ya nyumba yake zilikutwa tepe 267, ndani ya maboksi ya vyakula. Na jina lake liliandikwa kwenye skrini ya Doctor Who kwa mara ya kwanza mwaka 2013. Hesabuni wenyewe: miaka hamsini wimbo unasikika, na miaka kumi na miwili mwenyewe yuko kaburini.

CHUMBA KINACHOREKODI

Sasa nifike kwenye filamu iliyonifanya niandike haya yote. Usiku wa Krismasi mwaka 1972, BBC ilionyesha The Stone Tape, iliyoandikwa na Nigel Kneale. Sauti zake zilitengenezwa na idara ile ile ya Derbyshire. Kundi la watafiti wa kampuni ya vifaa vya umeme linahamia kwenye jumba la kale, likitafuta njia mpya ya kurekodi. Chumba kimoja kina mzimu: msichana anapiga mayowe, anakimbia ngazini, anaanguka, kila mara vile vile. Watafiti wanang'amua kwamba huo si mzimu. Mawe ya chumba yamerekodi kifo chake, na yanaucheza mkanda.

Anayeelewa kuliko wote ni Jill, mwanaprogramu wa kompyuta. Wenzake wanapoufuta mkanda ule kwa pupa zao, yeye ndiye anayegundua kwamba chini yake kuna rekodi nyingine, ya kale zaidi na mbaya zaidi. Anawaonya. Hakuna anayemsikiliza. Anafia chumbani mle.

Na hapa ndipo Kneale anapotisha kweli. Bosi wake anasimama mbele ya uchunguzi na kusema Jill hakuwa na akili timamu. Kumbukumbu zake zote za kazi zinaharibiwa. Kisha bosi anarudi chumbani mara ya mwisho, peke yake, na mawe yanacheza rekodi mpya: Jill akipiga mayowe, akiliita jina la bosi huyo.

Tazameni sasa. La Stilla, Termen, akina Barron, Derbyshire, Jill. Wawili ni wa kubuni na wengine ni wa kweli, lakini kisa ni kimoja. Sauti inabaki, mwenyewe anafutwa. Mimi nadhani hicho ndicho tunachokiogopa tunaposikia sauti isiyo na mwili. Hatuogopi kwamba kuna mfu anayeongea. Tunahisi kwamba kulikuwa na mtu hapa, na kuna aliyemwondoa.

KOSA LANGU LA TAHAJIA

Niwasimulie langu, halafu niwaache mkalale. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kampuni ndogo Nairobi, ambayo sitaitaja. Niliandika sehemu ya mfumo unaotuma ujumbe mfupi kwa wateja wa huduma fulani. Nilifanya kazi usiku mwingi, na nilikuwa najivunia. Nilipoondoka, mwenzangu aliyebaki aliniambia kwamba msimbo wote ulihamishiwa kwenye hifadhi mpya, bila historia yake. Kila mstari sasa unaonekana umeandikwa na mtu mmoja, meneja wetu, siku moja ya Jumatatu, saa nne asubuhi. Jina langu halimo popote. Niliumia, nikanyamaza. Ni nani angeniamini?

Mwaka uliofuata nikiwa nyumbani kwa mama, simu yake ikalia. "Nisomee huo ujumbe," akaniambia, "macho yangu hayaoni vizuri." Nikasoma: "Ombi lako linashugulikiwa." Nikaganda. Neno "linashughulikiwa" lina h baada ya ile g. Ni mimi niliyeisahau, usiku mmoja saa nane, na hakuna aliyewahi kuirekebisha. Walifuta jina langu, kosa langu likabaki linatembea nchi nzima, likiingia kwenye simu ya mama yangu mwenyewe.

"Mbona unacheka?" mama akaniuliza. Sikujua nimjibu nini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Mkihamisha msimbo, hamisheni na historia yake. Mkirekodi sauti ya mzee wenu, andikeni jina lake kwenye faili, pamoja na tarehe na mahali, msiliache likiitwa "rekodi 0047". Mkitumia kazi ya mtu, mtajeni angali anasikia.

Na redio ya babu? Alifariki kabla sijapata simu ya kurekodi, na sauti yake haikubaki popote. Nimewahi kuitafuta kwenye kanda za harusi za familia, haimo. Lakini kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba yake baba, na mtoto huyo ni mimi. Kwa hiyo babu alivuka upande mwingine na hao wengine: sauti ilipotea, jina likabaki. Juzi stima ziliporudi, mama alikuwa amenipigia simu akanikosa. Nilipompigia aliniita kwa jina hilo, nami nikaitika.

Wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata. Nakala za akiba mmeweka?